TAHADHARI: Fyuzi "zisizokatika" zinazozungushwa Tanga zinaunguza magari

Wenye magari wa Tanga, Muheza na Pangani, kuna muuzaji anayezungukia magereji ya Ngamiani na maegesho ya Kange na vipaketi vya fyuzi za rangi mchanganyiko. Anazinadi kwa sifa moja tu: "Hizi hazikatiki ovyo." Msinunue. Kazi ya fyuzi ni kukatika. Ikikataa, kinachobeba mzigo ni waya, na ganda la waya likianza kuyeyuka ndipo harufu ya kuungua inapoingia ndani ya gari.

Ukirudi kwake na malalamiko ya harufu anakuelekeza kwa fundi wake, na jibu linakuwa tayari: gari la gia za mkono "klachi imeisha", la otomatiki "giaboksi imeungua". Watu wanashushiwa giaboksi nzima kwa kosa la fyuzi moja.

Harufu zenyewe hazifanani, na pua yako inatosha kukataa uongo huo. Klachi na breki hunuka kama karatasi iliyoungua, na huja wakati gari linapofanya kazi nzito: klachi ukipanda Mombo kwenda Lushoto, breki ukishuka. Oili inayovuja kwenye gasketi ya kava la vali ikadondokea eksozi hunuka kali, yenye moshi wa bluu chini ya boneti, na huzidi ukisimama baada ya safari. Maji ya rejeta yenye kulanti (coolant) hutoa harufu tamutamu. Umeme hunuka plastiki, na mara nyingi hunuka samaki hasa. Ukiisikia ukipita Deep Sea utawasingizia wavuvi. Ikikufuata hadi Raskazone, ni gari lako. Jaribu gari likiwa limesimama: washa feni ya AC namba ya mwisho kwa dakika 5, kisha taa kubwa. Harufu ikija gari halijasogea hata hatua moja, klachi haihusiki.

Ukiisikia barabarani, egesha, zima kila kitu, fungua tamino ya hasi ya betri. Usimwagie maji. Usichomeke fyuzi kubwa zaidi ili ufike nyumbani, hapo ndipo magari yanapowaka.

Sasa fyuzi zenyewe. Rangi zinasema ampea: 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Feki nazo zina rangi sahihi, kwa hiyo rangi haikusaidii. Ilinganishe na fyuzi ya kiwandani ya ampea ileile: kiuzi cha ndani cha feki mara nyingi ni kinene, namba imepakwa wino tu inakwanguka kwa ukucha, na plastiki yake hulainika kwa joto kabla kiuzi hakijakatika. Sogeza sumaku. Fyuzi nzuri za aina hii ni za zinki, hazishikwi, ikishikwa, tupa.

Kipimo cha uhakika ni kuikata moja. Chukua balbu 2 za taa za mbele aina ya H4, za wati 60/55 (60 taa kali, 55 taa hafifu). Katika kila balbu unganisha pamoja miguu ya taa kali na taa hafifu, kisha zifunge balbu zote mbili sambamba. Jumla ni wati 230, yaani karibu ampea 19 kwa volti 12. Tumia betri iliyojaa, nje ya gari, nyaya za milimita za mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 10 katikati. Vaa miwani, usiguse kioo cha balbu. Huo ni mzigo unaokaribia mara mbili ya uwezo wake, na fyuzi halali hukatika ndani ya sekunde chache. Sekunde 15 zikipita taa bado zinawaka, chomoa. Paketi nzima haifai.

Kama tayari umezifunga, zing'oe zote, lile boksi la chini ya boneti na la chini ya dashibodi. Angalia matundu yaliyobadilika rangi au kulegea. Hewa ya chumvi ya kwetu hufanya tamino kushika kutu, na tamino chafu hupata moto hata fyuzi ikiwa nzuri, kwa hiyo zisafishe na zibane. Kwenye tundu lenye mashaka, toa fyuzi, weka balbu ya wati 21 mahali pake, zima vifaa vyote vya njia hiyo. Ikiwaka kwa nguvu kuna shoti. Tikisa nyaya taratibu mpaka mwanga ubadilike, pale ndipo ganda lilipoyeyuka. Kata hadi ufikie shaba safi, unga waya wa unene uleule, chomea risasi, vika mpira wa kusinyaa. Selotepu haivumilii joto la injini.

Fyuzi used zilizong'olewa kwenye magari ya Kijapani yaliyokatwa ni bora kuliko hizi mpya, mradi kiuzi kiwe kizima na miguu iwe safi.

Aliyeuziwa asizitupe zote. Tunza paketi, fyuzi iliyoyeyuka na risiti kama ulipewa, upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, wao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia. Fanya mapema: Tanga ni waja leo waondoka leo, na muuzaji wa begani hana duka la kumfuata.