Dokezo linalala wapi? Tathmini ya programu ya Okular

Mtu anayesoma kwa ajili ya kazi husoma kalamu ikiwa mkononi. Hupiga mstari chini ya hoja, huweka alama ya kuuliza kando ya takwimu inayotia shaka, na huandika pambizoni neno moja litakalomkumbusha jambo zima. Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiifanya kazi hiyo ndani ya Okular, programu huria ya kusomea nyaraka inayotengenezwa na jumuiya ya KDE na kutolewa bure kwa watumiaji wa Linux na Windows. Tathmini hii inahusu sehemu moja tu ya programu hiyo, yaani uwezo wake wa kupokea madokezo ya msomaji na kuyatunza.

Suala la kuyatunza nalitilia mkazo kwa sababu liliwahi kunigharimu. Kabla ya Okular nilitumia programu nyingine yenye kalamu za rangi nyingi na mwonekano wa kuvutia, nikasoma humo ripoti ya kurasa zaidi ya mia tatu na kuijaza madokezo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baadaye niliinakili faili hiyo kwenye kompyuta mpya na kuifuta ile ya zamani. Ripoti ilipofunguka haikuwa na hata mstari wangu mmoja, kwa kuwa madokezo yote yalikuwa yakihifadhiwa pembeni, katika hazina ya programu yenyewe, wala hayakuwahi kuingia ndani ya faili. Tangu siku hiyo, kabla sijatazama rangi wala mapambo ya programu yoyote ya kusomea, huuliza kwanza dokezo langu litalala wapi.

Okular yenyewe ilikuwa na udhaifu huo hapo awali. Mradi huu ulianza mwaka 2005 ukiwa umechipuka kutoka kwa programu iliyoitwa KPDF, na kwa miaka kadhaa madokezo yake yaliwekwa katika folda ya mtumiaji iliyofichika, mbali na waraka unaohusika. Mwaka 2012 ndipo ulipoongezwa uwezo wa kuyaandika ndani ya faili ya PDF, ingawa msomaji alilazimika kuhifadhi nakala nyingine. Na tangu toleo la Desemba 2017, amri ya kawaida ya kuhifadhi inatosha. Jambo hili linawezekana kwa sababu muundo wa PDF, ambao ulifanywa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, umetenga nafasi maalumu kwa ajili ya madokezo. Kwa hiyo yale niliyoyaandika katika Okular huonekana pia kwa mwenzangu anayetumia programu nyingine inayofuata kiwango hicho, na yake hunifikia mimi. Yapo masharti, hata hivyo: ni lazima uhifadhi mwenyewe. Ukijaribu kufunga waraka programu itakuuliza kwanza, lakini umeme ukikatika ghafla hapatakuwa na wa kukuuliza, hivyo nimejizoeza kubonyeza amri ya kuhifadhi kila nimalizapo sura.

Matumizi yake ni mepesi. Kitufe cha F6 huleta upau wa zana wenye kalamu ya kukoleza rangi, mistari ya kupigia chini au kukatia maneno, mchoro wa mkono, maumbo na mihuri. Zana ninayoitegemea zaidi ni dokezo ibukizi, ambalo hubaki ukurasani kama alama ndogo na kufunguka kuwa kisanduku cha maandishi pale unapolibofya mara mbili. Lipo pia dokezo linaloandikwa moja kwa moja juu ya ukurasa, nalo linafaa kwa neno moja au mawili. Likirefuka huziba matini ya mwandishi, na hapo usomaji huharibika. Kila dokezo hubeba jina la aliyeliandika, kama lilivyowekwa katika mipangilio. Watu watatu wanapopitia rasimu moja, paneli ya pembeni inaweza kuyapanga madokezo kwa kurasa au kwa waandishi, kisha ukibofya moja unapelekwa pale pale lilipoandikwa. Kwa maoni yangu, paneli hiyo ndiyo inayoipa Okular thamani yake kwa mhariri, kwa maana waraka mrefu hausomwi tena kutoka mwanzo ili kutafuta pingamizi moja.

Hali si njema hivyo kwa vitabu vya EPUB, yaani muundo wa faili unaotumiwa sana kwa vitabu vya kielektroniki. Madokezo ya vitabu hivyo hayaingii katika faili ya asili. Huna budi kuhifadhi waraka pamoja na madokezo yake katika jalada maalumu la Okular, ambalo programu nyingine hazilielewi. Anayesoma zaidi vitabu vya aina hiyo atafute chombo kingine. Kurasa zilizopigwa picha nazo zina mpaka wake: pasipokuwa na matini halisi nyuma ya picha, kalamu ya kukoleza haina maneno ya kushika, ingawa dokezo ibukizi na mchoro wa mkono hufanya kazi bila tatizo. Kuhusu uchapishaji, dirisha la kuchapa hukuruhusu kuchagua kama madokezo ya PDF yatoke kwenye karatasi au yasitoke, na nimelitumia chaguo hilo mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Upungufu unaonisumbua kila wiki ni kwamba sijapata amri ya kuyatoa madokezo yote kwa mkupuo, yakiwa maandishi matupu yenye namba za kurasa. Ninapomaliza kusoma na kutaka kuandika, hulazimika kunakili dokezo moja baada ya jingine kutoka kwenye paneli. Kwa waraka wenye madokezo mia mbili, kazi hiyo hula asubuhi nzima. Watengenezaji wakiwa na nafasi ya kuongeza jambo moja tu, ningewaomba waanze na hilo.