Kozi ya jioni ya historia ya ustaarabu wa Magharibi: tathmini ya mwanafunzi

Kozi ya utangulizi wa historia ya ustaarabu wa Magharibi inayotolewa jioni na chuo kimoja cha binafsi maeneo ya Posta, Dar es Salaam, inastahili ada yake, kwa kuwa mwanafunzi hakaririshwi majina ya wafalme na vita, bali hukabidhiwa nyaraka zenyewe na kutakiwa aeleze ziliandikwa na nani, kwa manufaa ya nani, na zimenyamazia nini.

Semina iliyoninufaisha kuliko zote ilihusu Ufaransa ya mwaka 1789, mapinduzi yalipoanza. Mhadhiri alitugawia Azimio la Haki za Binadamu na Raia, ambalo kifungu chake cha kwanza kinatamka kwamba watu huzaliwa huru na wenye haki sawa, kisha akatuandikia ubaoni yaliyotokea Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililotajirika kwa sukari na kahawa: watumwa waliasi mwaka 1791, Paris ikafuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akarejesha sheria ya utumwa katika makoloni mwaka 1802, na koloni hilo likajitangazia uhuru mwaka 1804 kwa jina la Haiti. Tuliulizwa ni nani hasa aliyelitimiza azimio lile. Mjadala ulipitiliza muda wa kipindi, na hata wenzetu wanaowahi mabasi ya Mbagala hawakunyanyuka vitini.

Ugiriki na Roma zinafundishwa vizuri, ingawa kwa haraka. Nilifurahi kuona Augustino, mwanateolojia wa Kikristo aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, na Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Cordoba, Hispania, ambaye fafanuzi zake za Aristotle zilisomwa sana na wanazuoni wa Paris, wakipewa nafasi wanayostahili. Fotokopi za masomo, kwa bahati mbaya, zimefifia kiasi cha kuumiza macho.

Upungufu mkubwa zaidi ni Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yalikubaliana kanuni za kugawana Afrika, na ambao uligusiwa juu juu kama sehemu ya diplomasia ya Ulaya, ilhali tunasomea katika jiji lililokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani, na Nyaraka za Taifa pale Upanga zinahifadhi mafaili ya utawala huo. Kozi inayojivunia kusomesha kwa nyaraka ingepaswa kuwapeleka wanafunzi huko, na kwa maoni yangu wiki ya diplomasia ya Bismarck, kansela wa Ujerumani wa wakati huo, ndiyo ipunguzwe ili nafasi ipatikane.