Kawasaki Ninja 250R: nilitaka kuandika msinunue

Nina hasira, mnivumilie. Jambo hili nimekaa nalo tangu kabla ya masika nikidhani litapoa, na halijapoa. Kila nikipita pale kwenye gereji iliyonifungia pikipiki nikaliona bango lao lenye picha ya pikipiki imelala kwenye kona, mikono inaanza kutetemeka.

Sitaeleza ina nguvu farasi ngapi wala tangi linachukua lita ngapi, hayo mtu anayapata kwa dakika moja. Nataka kuzungumzia nati moja. Nati ya sproketi ya mbele, yaani kile kigurudumu cha meno kinachovuta cheni, washa yake, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati, na mtu aliyelipwa kuifunga.

Niliinunua mwaka juzi, mtumba wa Japani, ya 2010. Kule pikipiki isiyozidi cc 250 haipitii ule ukaguzi wa lazima wa magari na pikipiki kubwa, ndiyo maana watu wanazipenda na ndiyo maana kwenye mitumba hazikosekani. Mimi nilijifunzia Boxer ya kaka yangu. Nilipoikalia Ninja mara ya kwanza nilitegemea nitalala juu ya tangi kama wale wa mashindano, kumbe wala. Hendeli zimeinuka kidogo, mgongo haupindi, miguu yote miwili inafika chini na mimi si mrefu. Klachi laini, vidole viwili vinatosha. Ukikosea gia kwenye foleni ya Ubungo haikurushi, inakohoa kidogo na safari inaendelea. Sindano ya mizunguko ya injini ikiwa chini ya 6,000 ni pole, ya kwendea kazini. Ikipita 8,000 sauti inabadilika, na hapo ndipo unaelewa kwa nini wameiandika Ninja ubavuni. Kwa mtu anayetoka kwenye bodaboda akitaka kuingia kwenye pikipiki za spoti, sijaona mwalimu mzuri kuliko huyu.

Watu wanaogopa spea. Tairi la nyuma ni 130/70-17, saizi ileile ya Pulsar 200NS, kwa hiyo Kariakoo lipo. Kava za plastiki za pembeni ndizo za kuagiza, na bei yake inauma. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofunga ni vile vigingi vya plastiki ngumu vinavyokaa ubavuni ili pikipiki ikilala vipokee kishindo vyenyewe. Nilivifunga mwenyewe na vimeshaniokoa mara moja, getini kwangu, kwenye mchanga.

Cha pili kilikuwa eksozi, bomba la moshi, na hapo nilikosea. Ilikuwa na mlio mtamu kweli. Ila natoka zamu usiku, na mtoto mchanga wa jirani akawa anaamka kila nikiingia. Halafu nguvu za chini zilipungua. Kompyuta ya injini imepangwa kwa eksozi ya kiwandani. Ukiifungulia moshi njia bila kupanga upya mafuta, hewa inazidi, na ukiachia mafuta inapiga risasi: pa, pa, pa. Trafiki nao wanageuza shingo kabla hujafika. Nimerudisha ya zamani na mama wa mtoto ananisalimia tena.

Cha tatu ndicho kilichonileta hapa. Sproketi ya mbele ya kiwandani ina meno 14, mimi nilitaka ya meno 15. Jino moja tu, lakini kwa mwendo uleule injini inazunguka pungufu kwa karibu asilimia 7. Mama yangu yuko Morogoro na ninakwenda kumwona mara mbili kwa mwezi. Ukishika 100 injini inalia kwenye 7,000 na kitu bila kupumzika, mtetemo unaingia kwenye hendeli, unafika vidole vimekufa ganzi. Kwa safari kama hiyo jino moja ni kitu kikubwa.

Kazi yenyewe ni ya saa moja. Unatoa mkono wa gia, unafungua kava la kushoto, unanyoosha washa iliyokunjwa, unafungua nati, unabadilisha sproketi. Unarudisha na washa mpya, unakaza, halafu unakunja ukingo wa washa ulale kwenye ubapa wa nati. Huko kukunja ndiko kila kitu. Washa hiyo ina meno kwa ndani yanayoishika shafti, kile chuma kinachoizungusha sproketi, kwa hiyo yenyewe haizunguki, na ikishakunjwa nati nayo haina pa kwenda. Usipoikunja, kila ukivuta mafuta na kuachia, nati inalegea kidogo, kesho kidogo tena, mpaka inatoka.

Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba sitaki kumpa fundi wa bodaboda, nikaenda kwenye gereji yenye jina. Mafundi wa bodaboda wote mnaosoma hapa, naomba mnisamehe kwa wazo lile.

Nilimkuta bosi mwenyewe. Nikamsalimia, akatazama nyuma yangu kama anayetafuta mtu.

"Mwenye pikipiki yuko wapi?"

Nikamwambia ni mimi.

"Aaa. Umenunuliwa na shemeji?"

Nikameza. Nikamwomba nikae niangalie kazi, kwa sababu napenda kujua kitu changu kinavyofungwa. Akacheka, akawageukia vijana wake ili nao wacheke. "Dada yangu, wateja hawaingii ndani. Kaa pale unywe soda, tutakuita." Ufundi peke yake shilingi 120,000, sproketi nimeinunua mwenyewe. Nikalipa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa tatu, nimepakata helmeti yangu, nikisikia nyundo na redio.

Wiki haikuisha.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeshapita Mlandizi, nimevuka daraja la Ruvu, nakaribia mizani ya Vigwaza ambako malori yanapanga foleni. Kwa mbali nikaanza kusikia kitu chini ya mguu wa kushoto, tk, tk, tk, nikadhani ni kokoto zinapiga kava. Nikapunguza kwa ajili ya kibao cha 50, mlio ukapotea. Kibao kikaisha, nikavuta mafuta. Sindano ikaruka juu, injini ikapiga kelele, na pikipiki haikwenda popote. Kisha ukaja mlio wa chuma juu ya chuma ambao mpaka leo nikifunga macho nausikia, na nyuma yangu lori la kontena linapiga honi.

Nilikuwa kwenye kama 60. Ningekuwa kwenye 100 nisingeandika. Cheni ikijikunja pale mbele inaweza kufunga tairi la nyuma papo hapo, au ikapasua ukuta wa injini ukaoga oili na tairi ukaliogesha. Yangu iliruka ikatoka kwenye meno, ikawa inaning'inia na kuburuzika. Nikaserereka mpaka pembeni kwenye majani, nikashuka, nikakaa chini. Sikulia. Nililia baadaye.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anatoka upande wa Chalinze akageuza, akazima. "Pole dada. Cheni?" Akainama, akaiinua isiburuzike, tukasukuma mpaka kwenye kijiwe cha fundi chini ya mwarobaini. Fundi mwenyewe mtu mzima, nikampa shikamoo. Hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Aliniuliza kama nimeumia, akaagiza niletewe maji, ndipo akapiga magoti.

Alipofungua kava, nati ikadondoka kwenye kiganja chake. Ilikuwa humo ndani imelegea, inachezacheza kama njugu kwenye kopo. Sproketi imetoka nusu ya shafti. Akaitoa washa, akaifuta kwa kitambaa chenye oili, akaishika kwa vidole viwili na kuinyanyua kwenye mwanga. Bapa kama sarafu. Haina kona, haina alama ya nyundo wala mkwaruzo wa tindo.

"Hii haijakunjwa hata siku moja," akasema. Akaitazama tena. "Mwanangu, aliyekufungia alikuwa anawahi wapi?"

Kwenye ukuta wa injini kulikuwa na jeraha la urefu wa ukucha wa dole gumba. Akapitisha kidole, akanusa, akasema oili haivuji. Cheni akaikagua pingili kwa pingili. Soketi ya saizi ya nati ile hakuwa nayo, akamtuma kijana kwa mafundi wa malori. Akalegeza ekseli, akarudisha kila kitu mahali pake, akaniambia niingize gia na nikanyage breki ya nyuma kwa nguvu zote shafti isizunguke, yeye akaning'inia kwenye spana aliyoichomekea bomba ili irefuke. Nikikanyaga mguu ukitetemeka. Kisha akachukua tindo na nyundo ndogo, akaanza kuukunja ukingo wa washa, taratibu, tii, tii, tii, mpaka ukalala kwenye nati. Akaniita. "Njoo uone. Na siku nyingine mwambie fundi akuoneshe hapa kabla hujamlipa."

Aliniomba shilingi 15,000. Kijana wa bodaboda alikataa hela kabisa, nikamlazimisha ya mafuta.

Jumatatu nilirudi gereji na picha kwenye simu. Bosi akaitazama kwa sekunde moja. "Cheni kutoka ni kawaida." Nikamwambia haikutoka cheni, ilifunguka nati, na washa haikukunjwa. "Nani kakufundisha washa?" Nikamwonesha. "Sasa umeshafunguliwa huko porini na watu unaowajua wewe. Mimi siwajibiki tena." Nikaomba nirudishiwe hela ya ufundi, basi, mambo mengine nisamehe. Akasimama. "Dada, mimi nashika spana wewe hujazaliwa. Mlete kaka yako, au mzee wako, tuzungumze kiume." Vijana wake safari hii hawakucheka. Mmoja, mdogo kabisa, alikuwa anatazama sakafu, na nadhani ndiye aliyeifunga, na nadhani hakuna aliyewahi kumwonesha.

Neno pole hakulisema. Ningekufa, jamani. Mama yangu alikuwa amepika ananisubiri.

Sasa ninunue au nisinunue? Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekata shauri: msinunue. Pikipiki yenyewe haina kosa lolote katika hili. Shida ni kwamba ukishakuwa na chombo ambacho hakijazoeleka mtaani unaogopa kumpa fundi wa kawaida, na hapo unaangukia mikononi mwa watu wenye bango na sakafu iliyopakwa rangi. Kama huko uliko fundi wa maana ni mmoja tu na hapendi kuulizwa, chukua Pulsar, kila kijiwe wanaijua.

Lakini siwezi kusema uongo kuhusu jioni ile. Kutoka Vigwaza niliendesha kwa woga mpaka Chalinze, nikasimama mara tatu kuchungulia. Baada ya Chalinze woga ukaanza kushuka. Gia ya sita, meno 15, injini imetulia kama imepewa pumzi mpya, vidole havifi ganzi. Nilipofika Mikese jua linashuka na milima ya Uluguru iko mbele, nilikuwa naimba ndani ya helmeti. Kweli, kuondoka kwenye foleni kunataka klachi kidogo zaidi. Lakini hilo jino moja ndilo badiliko bora kuliko yote niliyofanya, na ningelifanya tena kesho.

Kwa hiyo nunueni. Ukiwa mwanamke nilitaka kusema ufikirie mara mbili, na nafuta hilo. Nunua, na uingie ndani ya gereji, na wakikukataza ingiza pikipiki yako barabarani uondoke nayo. Kaa nayo miezi kadhaa kama ilivyo kabla ya kugusa kitu. Eksozi achana nayo, isipokuwa una mtu wa kukupangia mafuta upya. Sproketi badilisha, na washa mpya inunue pamoja nayo.

Mimi sasa nina soketi yangu ya nati ile. Nimechora mstari kwa rangi ya kucha, nyekundu, kuanzia kwenye nati kupita kwenye washa hadi kwenye sproketi. Nati ikisogea hata kidogo mstari unakatika. Kila nikisafisha cheni nafungua kava natazama. Jana nimetazama, mstari umenyooka. Fundi wa Vigwaza nimeshampitia mara mbili, safari ya mwisho nilimpelekea mchele wa kwetu Morogoro.

Ile laki na ishirini bado ninaidai.