Peni sita ya Elizabeth I, mwaka 1593: ya kuanzia nayo

Kama unataka kuanza kukusanya sarafu za fedha za Uingereza za enzi hizo, achana kwanza na kroni (sarafu kubwa za shilingi tano) za Charles I zenye mfalme juu ya farasi. Tafuta peni sita ya malkia Elizabeth I, yaani sarafu moja yenye thamani ya peni sita. Yangu ni ya 1593, nimeinunua kwa muuzaji wa London, na nimeridhika nayo kabisa.

Ninachoipendea ni kwamba inajitambulisha yenyewe. Shilingi za kawaida za malkia huyu hazina mwaka, lakini peni sita zilianza kuandikwa mwaka tangu 1561, na nyuma ya kichwa chake likawekwa waridi dogo ili zisichanganywe na sarafu zinazokaribiana nazo kwa ukubwa. Kuna pia alama ya karakana, kialama kidogo kinachoonyesha sarafu ilipigwa kipindi gani. Yangu ina pipa, alama iliyotumika kwenye karakana ya sarafu ya Tower of London kati ya 1592 na 1595. Kwa kawaida alama ilibadilishwa baada ya sarafu kukaguliwa ubora wake, na wapo wakusanyaji wanaofuata peni sita peke yake, alama moja baada ya nyingine. Nawaelewa sana!

Hali yake sasa. Pua na shavu la malkia vimelika, ila kola yake ya mikunjo bado inahesabika. Kwenye ngao ya upande wa pili, mayungiyungi ya Ufaransa juu kushoto yamesimama wazi. Simba wa chini yao wamefifia. (Maandishi bado yanamwita malkia wa Ufaransa, ilhali Calais, mji wa mwisho wa Waingereza huko Ufaransa, ilishapotea mapema mwaka 1558, kabla hajatawala.) Zilipigwa kwa nyundo, kwa hiyo duara haliko katikati na baadhi ya herufi za chini zimeangukia nje. Hiyo kwangu si kasoro.

Kasoro ninayoikataa ni ukingo uliopunjwa. Watu walikuwa wakikwangua fedha pembeni na kuiuza, na tatizo hilo lilichangia sarafu za nyundo kukusanywa na kuyeyushwa mwaka 1696. Peni sita kamili ina karibu gramu 3. Yangu ina 2.9, na mstari wa vitone wa ukingoni umezunguka karibu wote.

Muuzaji ndiye namkata alama. Aliweka picha ya upande wa kichwa tu, na uzito hakuuandika mpaka nilipouliza. Kwa bidhaa kama hii, uzito ndio wa kwanza kuandikwa. Ufungaji ulikuwa mzuri, na alinitumia pia kikaratasi cha mwenye sarafu wa zamani, chenye mwandiko wa wino. Kikaratasi hicho usikitupe kamwe.

Ukiwekewa mbili mbele yako, moja inang'aa kwa kusuguliwa na nyingine nyeusi lakini ina uzito wake, chukua nyeusi, na usiisafishe.