Farasi 717 kwa Tairi za 275: Je, Challenger Hellcat Inastahili Pesa Yako?

Jamani, sikilizeni kwanza, mimi nanyamaza.

Umeusikia huo mluzi? Hiyo ni supachaja, yaani pampu ya hewa, ya lita 2.4 iliyokaa juu ya HEMI, injini ya Dodge ya V8, silinda nane, na gari mliyoiomba muda mrefu leo ndiyo hii hapa: Dodge Challenger SRT Hellcat ya 2021, gia otomatiki, nguvu za farasi 717. Mwenyewe ni mtazamaji wetu, kaka yetu kutoka Lubumbashi anayeishi hapa Dallas. Kanikabidhi funguo na kuniambia, "Ijaribu, halafu waambie watu ukweli." Basi kaka, ukweli utaupata, na kuna sehemu hutaipenda.

Karibuni sana wadau. Kama wewe ni mgeni, jiandikishe na ubonyeze kengele, maana mwezi huu chaneli ni gari za Kimarekani tupu. Viti, skrini na spika sitawasomea. Umbo hili lipo tangu 2008 na mnalijua vizuri. Leo tunazungumzia nguvu, tunazungumzia pesa, basi.

Njooni mbele hapa. Kamera, sogea kwenye taa. Hii taa ya ndani, upande wa dereva, naingiza vidole na vinazama. Ina tundu! Hewa inapita katikati ya taa, inakwenda moja kwa moja kwenye injini. Ndani ya supachaja kuna parafujo mbili nene zinazozunguka zikiwa zimeshikana, zinaendeshwa na mkanda unaotoka kwenye kranki, mhimili unaozungushwa na injini, na kazi yake ni kuishindilia hewa ndani ya silinda. Injini ikiwa juu kabisa, kuizungusha supachaja peke yake kunakula takribani farasi 80. Toyota Passo ya cc 1000 nzima haizifikishi 80! Yaani hii inatumia zaidi ya Passo moja kuvuta pumzi tu, halafu bado inabaki na 717 za kupeleka nyuma. Naipenda, wallahi. Ukishazoea mluzi huu, V8 ya kawaida inakuwa imekupungukia kitu.

Sasa twende nyuma, kwenye kitu kinachonichemsha damu.

Kamera, shuka chini kabisa. Soma pembeni ya tairi hapo: 275. Milimita 275 za upana. Gari ina uzito wa tani mbili, zaidi ya nusu ya uzito huo uko mbele kwenye injini, magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, torki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ni karibu Nm 890, na kiwandani wakaona 275 inatosha. Aisee, haitoshi. Nawaonyesha.

Tuko kwenye uwanja wa mbio za robo maili, tumelipia, kofia ngumu iko kichwani. Mambo haya usiyafanye barabarani. Hellcat inakuja na funguo mbili: mweusi unakubana kwenye farasi 500, mwekundu unakufungulia zote. Leo nina mwekundu. Naingia kwenye kurasa za SRT, zile za mipangilio ya mbio, kwenye skrini, naweka mfumo wa kuondokea kwenye 2,000 RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Mguu wa kushoto breki mpaka chini, wa kulia mafuta mpaka chini. Injini imeshika 2,000, inatetemeka, inasubiri. Naachia breki... Ona! Ona nyuma! Makalio yamekwenda kulia, taa ya kuteleza inawakawaka, kompyuta imenyang'anya nguvu. Nimekanyaga mpaka mwisho na gari inanipa kile inachotaka yenyewe.

Turudi. Nashusha mpaka 1,600. Breki, mafuta, naachia... Afadhali. Imeshika kidogo, inakwenda, gia ya pili inaingia na... imeteleza tena! Gia ya pili, wadau, gari imeshachanganya, bado tairi zinazunguka bure.

Mara hii nafanya kwa mguu wangu, bila ule mfumo. Naondoka taratibu, mafuta robo, nusu, nasubiri itulie, sasa mpaka chini. Hiyo hapo! Mgongo umebanwa kwenye kiti, mluzi umejaa ndani, hapa ndipo 717 zinapoonekana. Lakini ona tulikofikia kabla hazijatoka zote, uwanja umebaki kipande. Kwenye taa za barabarani mjini, nguvu hizi hutazitumia kamwe. Utatumia 300, labda 400, nyingine zimelala chini ya boneti na umezilipia.

Msidhani ni mguu wangu. Hellcat ilipotoka, ikiwa na farasi 707, Dodge wenyewe walitangaza robo maili kwa sekunde 11.2 kwa tairi za kawaida za barabarani. Gari hiyo hiyo, injini hiyo hiyo, wakaivalisha tairi laini za mashindano, ikaenda kwa 10.8. Tofauti ni mpira tu! Kisha tazama walichofanya kwenye Demon 170 ya 2023, Challenger kali kuliko zote, yenye farasi 1,025 ikinywa mafuta ya E85, yaani yenye ethanoli nyingi. Hawakuongeza ukubwa wa rimu ya nyuma. Waliishusha mpaka inchi 17, wakafunga tairi ya 315 yenye ukuta mrefu, ili tairi ijikunje wakati wa kuondoka na kuing'ang'ania lami. Ndiyo maana wakatangaza sifuri mpaka maili 60 kwa saa kwa sekunde 1.66, kwenye uwanja uliopakwa gundi. Wahandisi wa kampuni hiyo hiyo wanajua nguvu inapopotelea. Ndiyo maana 275 hii inaniudhi: walijua.

Dawa ilikuwepo, inaitwa Widebody. Mabawa yamepanuliwa, tairi ni 305 pande zote, na ilipokuwa mpya uliongeza dola 6,000. Kwa hiyo ukiona Hellcat mbili sokoni, moja nyembamba ya bei nafuu na nyingine Widebody, usidanganyike na unafuu. Ile nyembamba utaihangaikia tairi mpaka uchoke.

Tuje kwenye pesa, maana najua mmekaa mnaisubiri. Mwaka 2015 Hellcat ilianza kwenye takribani dola 60,000. Wakati ule hakuna aliyekuwa anakupa farasi 707 kwa bei hiyo, wala wa kukaribia, na kwa hesabu ya dola kwa farasi mmoja, Wamarekani waliwaacha Wajerumani mbali. Ila uzalishaji wa Challenger ulisimama Desemba 2023 kule Brampton, Kanada. Ndiyo, misuli ya Kimarekani ilikuwa inaundwa Kanada. Tangu hapo wauzaji wanaipigia hesabu ya kitu kisichorudi tena. Hata Demon 170, bei ya kiwanda ilikuwa dola 96,666, kuna wauzaji walioongeza juu yake kadiri walivyotaka. Nimeona Hellcat zilizotumika zikiulizwa bei inayokaribia ya mpya, na tairi ziko upara. Hapana.

Wapinzani. Ford Mustang Shelby GT500 ya 2020 mpaka 2022: farasi 760, supachaja pia, gia saba za klachi mbili zinazobadilika kabla hujakunja kope, na nyuma wakafunga tairi ya 315. Nyepesi kuliko Hellcat, kwenye kona inaipita bila mjadala. Kiti cha nyuma usimkalishe mtu mzima. Hapa Challenger inashinda, watu wanne wanakaa na buti inameza masanduku ya safari. Chevrolet Camaro ZL1, farasi 650, naiheshimu sana, video yake imechelewa kwa sababu mwenye gari amesafiri, mnivumilie. Dodge Charger mpya ya umeme, toleo lake kali, ina farasi 670 na mlio unaotengenezwa na mashine. Sijaielewa. Nguvu ipo, lakini mtu aliyesikia supachaja halisi unampa mlio wa kutengeneza ili iweje?

Wadau wa Nairobi na Mombasa mnaoniuliza kila siku: Challenger haikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia, na Kenya hawakusajilii gari ya kawaida yenye usukani wa kushoto. Funga ukurasa huo. Mustang ipo ya usukani wa kulia kutoka kiwandani tangu toleo la 2015, ndiyo njia yako, ila ukumbuke sharti la gari kutozidi miaka minane na ushuru wa injini kubwa.

Na ninyi wa Muscat na Dubai, huko Challenger zimejaa na usukani ni wa kushoto, kwa hiyo tatizo lenu ni joto. Supachaja inapobana hewa, inaipasha moto. Ukikanyaga mfululizo mchana wa Julai, hewa inayoingia inakuwa ya moto, kompyuta inapunguza nguvu ili kuilinda injini, unabaki unajiuliza farasi wako wamekwenda wapi. Redeye, Hellcat ile ya farasi 797, imewekewa mfumo unaotumia gesi ya AC kupoza hewa ya injini. Kwa hali ya hewa yenu, hiyo ina maana kuliko farasi 80 za ziada. Pia angalieni historia ya gari, maana nyingi zinazofika huko zilipata ajali hapa Marekani zikauzwa kwenye mnada. Chukua namba ya chesisi, kaitafute kabla hujatoa hata dirhamu.

Mafuta? Mjini inakwenda takribani kilomita tano na nusu kwa lita, tena ya bei ya juu. Serikali ya hapa ina kodi maalumu ya gari zenye ulafi wa mafuta, na hii ililipa. Bima ndiyo kubwa zaidi. Mwaka 2023 taasisi ya Highway Loss Data Institute ilitoa takwimu kwamba ndugu yake huyu, Charger Hellcat ya 2020 mpaka 2022, ilikuwa na uwezekano wa kuibwa zaidi ya mara 60 ya gari ya wastani. Kampuni za bima zinazisoma takwimu hizo. Omba makadirio ya bima kabla ya kulipa hata amana, hasa kama wewe ni kijana wa miaka ishirini na kitu.

Kaka yangu wa Lubumbashi, hii sehemu ni yako. Gari yako nzuri, umeitunza, injini safi, huo mluzi nitauota. Usiiuze. Ila tafuta rimu pana na tairi za kueleweka kabla mvua hazijaanza, tafadhali.

Wewe ambaye bado hujanunua, nakupeleka kwingine. Tafuta Challenger Scat Pack. HEMI ya lita 6.4, haina supachaja, farasi 485, ilipokuwa mpya ilianzia takribani dola 40,000. Chukua ya Widebody, yenye tairi zile zile za 305. Nguvu hizo unazitumia karibu zote, kila siku, ukitoka kwenye taa inashika na kwenda, na mlio wa eksozi uko pale pale. Mustang GT ya 2024 kwenda juu, farasi 480, nayo ni chaguo zuri kama unapenda kona. Wiki ijayo nakuja na Mustang Dark Horse ya gia za mkono, tutaziweka pamoja.

Ukiikuta Scat Pack Widebody yenye mwenye mmoja na karatasi zote za huduma, usisubiri video hiyo. Mpigie muuzaji leo, nenda kaiwashe ikiwa baridi, na uinamie tairi za nyuma kabla hujatazama kitu kingine.