Ofisi ya ajira ya Ntinda: inahakiki vizuri, inapanga vibaya

Kampuni yetu hutoa mizigo forodhani, na makarani wake hushinda kati ya bohari, ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha wa Mamlaka ya Mapato, na simu za mawakala walioko Mombasa. Nafasi zinapoachwa wazi huzijaza kupitia ofisi moja ya ajira iliyoko Ntinda, jijini Kampala, ambayo hupokea maombi, huyachuja na kumletea mwajiri majina machache. Naandika tathmini hii kwa ajili ya waajiri wadogo wanaofikiria kulipia huduma ya aina hiyo, na pia kwa waombaji wanaotaka kujua karatasi zao husomwa vipi zikifika upande wa pili wa meza.

Uhakiki wa nyaraka ndio kazi ambayo ofisi hiyo huifanya vizuri kuliko tulivyowahi kuifanya wenyewe. Kila jina huja na nakala ya kitambulisho cha taifa, matokeo ya mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, ambayo wameyathibitisha, na muhtasari wa mazungumzo yao na mwajiri wa awali, kwa maana hawaridhiki na wadhamini waliochaguliwa na mwombaji mwenyewe. Kuhusu gharama, mwombaji hatozwi chochote. Mwajiri ndiye hulipa, tena baada ya mtu kumaliza kipindi cha majaribio. Malipo hayo si madogo, lakini nayaona ya haki.

Lawama yangu iko kwenye namna wanavyomweleza mtu. Kila mwombaji hufupishwa katika karatasi mbili. Ya kwanza ina jina, wilaya ya asili, dini, shule ya sekondari na chuo kikuu. Ya pili ina kazi alizowahi kufanya, lugha, vyeti vya taaluma na matokeo ya jaribio fupi la vitendo. Mwajiri mwenye shughuli nyingi huwa ameshaamua kabla hajafika kwenye ile ya pili. Nimeshuhudia mezani petu jina la Budo au Gayaza, shule za bweni zenye sifa kubwa, likitosha kumwingiza mtu katika orodha ya mahojiano, na jina la shule isiyojulikana likitosha kumtoa.

Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence alieleza kwamba cheti humsaidia mwajiri kuwatofautisha watu pale ambapo kukipata ni kugumu zaidi kwa asiye na uwezo kuliko kwa mwenye uwezo. Kwa kipimo hicho, jina la shule kubwa ya bweni ni dalili yenye mchanganyiko: linasema kwamba mtoto alifaulu vizuri mtihani wa darasa la saba, na linasema vilevile kwamba nyumbani palikuwa na mtu wa kulipa karo. Mwajiri hana njia ya kuyatenganisha hayo mawili. Binti wa Kotido, wilaya ya mbali kaskazini mashariki, aliyepata alama zilezile katika shule isiyo na maabara amefanya kazi kubwa zaidi, na bado karatasi ya kwanza inamwonyesha kuwa wa chini.

Wilaya na dini ndivyo vinavyoniudhi zaidi, kwa sababu havimsaidii karani yeyote kujaza tamko la forodha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mtu kazini kwa misingi kama dini, jinsia, asili ya kijamii, ulemavu au hali yake ya VVU, na kwetu Uganda jina pekee mara nyingi limeshataja anakotoka mtu hata kabla ya kuongeza mstari wa wilaya. Kwamba jina lina nguvu hiyo si dhana tupu: katika utafiti wao wa Boston na Chicago uliochapishwa mwaka 2004, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maombi ya kubuni kwa waajiri, na yale yenye majina ya Kizungu yakapata mwito wa mahojiano kwa takriban asilimia 50 zaidi ya yale yenye majina ya Wamarekani weusi.

Karatasi ya pili ndiyo yenye thamani ya fedha tunazolipa. Humo nitaona kama mtu ana cheti cha EACFFPC, kinachomtambua wakala wa forodha wa Afrika Mashariki, na kama aliwahi kufanya kazi Malaba au Busia, kwenye mpaka na Kenya, ambako karani hujifunza kwa vitendo. Humo pia huandikwa kama mwombaji anakijua Kiswahili. Awali ofisi ilikuwa ikiandika tu kile alichosema mwombaji, ila tulipoomba, ilikubali kuwahoji kwa Kiswahili kwa njia ya simu, na tofauti ilionekana mara moja, kwa kuwa mtu anayeweza kumbana wakala wa Mombasa kwa heshima kuhusu kontena lililokwama hutufaa kuliko mwenye shahada ya daraja la juu asiyeweza.

Wahenga walisema chema chajiuza, lakini katika soko la ajira hakijiuzi, maana mnunuzi hakioni. Utafiti uliofanyika hapa Uganda na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la Econometrica ulilinganisha vijana waliosoma vyuo vya ufundi na wale waliofundishwa ndani ya karakana. Makundi yote mawili yalinufaika, lakini waliotoka vyuoni walipopoteza kazi walipata nyingine kwa urahisi zaidi, kwa sababu ujuzi wao ulikuwa na cheti ambacho mwajiri mpya aliweza kukisoma. Ndiyo maana nasikitika kuona cheti cha DIT, iliyokuwa kurugenzi ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ambacho mtu aliyejifunzia kazini alikuwa akipewa baada ya kupimwa kwa vitendo, kikiwekwa mstari wa mwisho kabisa wa karatasi ya pili.

Kwa makarani nitaendelea kuitumia ofisi hii, na nawashauri wengine waijaribu. Kwa madereva siitumii, kwa kuwa siku moja barabarani hunieleza mengi zaidi. Nimewaandikia niwaombe waondoe wilaya na dini, kisha waitangulize karatasi ya pili. La kwanza wamelikubali kwa maombi yanayoletwa kwetu, la pili wamesema bado wanalitafakari.