Ekzosi ya gari ya spoti ya zamani: ipi ununue kwanza, ipi baadae, ipi uachane nayo

Wadau wenye gari za spoti za miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000, swali huwa lile lile, nataka kubadili ekzosi ninunue ipi, na majibu mengi ni jina la kampuni tu, chukua HKS, chukua Borla, basi. Hapo mtu hajasaidiwa. Ekzosi ni mfumo mzima, inaanzia kwenye kichwa cha injini inaishia nyuma ya bampa na kila kipande kina kazi yake, kwa hiyo kabla hujatoa hela ujue unanunua kipande gani na kitakupa nini. Mimi naenda na kanuni hii: nguvu ziko mbele karibu na injini, sauti iko nyuma karibu na bampa. Ukiishika hiyo muuzaji hakuyumbishi.

Ila kabla ya kununua chochote ingia chini ya gari uangalie kilichopo. Gari ya miaka 20 na kitu ekzosi yake imekula joto, maji na tope muda mrefu, unaweza kukuta unachohitaji ni gasketi na raba mbili tatu za kuning'inizia. Inyanyue, weka stendi na sio jeki peke yake, washa tochi ufuate bomba kuanzia mbele. Angalia maungio, angalia ile fleksi yenye wavu, angalia mshono wa chini wa mafla (kile kibuyu cha nyuma kinachopunguza kelele) maana maji yanayotoka na moshi yanatuama humo ndani na mafla nyingi zinaoza kuanzia ndani kuja nje. Ukiona masizi meusi yamejichora kwenye ungio, hapo panavuja. Kama huna uhakika, injini ikiwa ya baridi puliza hewa kwa vakyumu kupitia ncha ya nyuma, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio yote, panapotoa mapovu ndo hapo hapo.

Na usidharau tundu dogo. Likiwa kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inanyonywa kuingia, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza mafuta, wewe unabaki unalalamika gari inabugia. Likiwa karibu na sakafu ya gari ni hatari zaidi, kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu. Ukiwasha asubuhi ukasikia tik tik tik inayofuata resi halafu injini ikipata moto inapotea, mara nyingi manifoldi (bomba za kwanza zinazoshika kichwa cha injini) ina ufa au gasketi yake imeungua, chuma kikipata joto kinatanuka ule ufa unajifunga. Na kama gari inaondoka vizuri ila ukipanda resi za juu inachoka, shuku masega, kile kichungi cha kusafisha moshi kilicho ndani ya mfumo wa bomba. Fungua sensa ya oksijeni ya kwanza, funga geji ya presha kwenye lile tundu, shikilia resi kwenye 2,500 (mizunguko ya injini kwa dakika), ukiona imevuka psi 3 kuna kitu kimeziba. Hapo hata ukifunga mafla ya titanium huko nyuma gari itabaki vile vile.

Haya sasa, orodha yangu kuanzia ninayoipendekeza zaidi. Ni kwa gari ya kutembelea barabarani, sio ya mashindano tu.

1. Ketibeki ya stenlesi yenye resoneta

Ketibeki ni kila kitu kuanzia baada ya masega kwenda nyuma. Kwa gari isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), na kwa watu wengi, anzia hapa. Sio kwamba itakupa nguvu nyingi, bila turbo tegemea nguvu za farasi chache tu, anayekuahidi 30 kwa ketibeki peke yake anakuuzia ndoto. Unaipata namba moja kwa sababu gari ya zamani sehemu hii ndo inayooza kwanza, hela ungeitoa tu, na hapa unapata sauti nzuri, uzito unapungua, inafungwa kwa bolti bila kugusa kompyuta wala masega.

Angalia chuma. Wauzaji wanaandika "stenlesi" wanaishia hapo, wakati kuna 304 na kuna 409 na hazilingani. 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, inavumilia kutu miaka mingi. 409 ina kromiamu kama asilimia 11, itashika kutu ya juu juu ila haiozi haraka, ni nzuri kuliko chuma cha kawaida na bei yake ni rahisi. Nenda na sumaku mfukoni, 409 inanasa kabisa, 304 hainasi au inanasa kidogo sana kwenye kona. Kuna na chuma kilichopakwa alumini, kinafaa kama unataka kusogeza gari miaka michache, shida yake ni pale kilipochomelewa, ule upako umeungua na kutu inaanzia hapo.

Angalia kona. Bomba zuri linakunjwa kwa mashine yenye kiini ndani, kwa hiyo kipenyo kinabaki kile kile mwanzo mpaka mwisho wa kona. Bomba la kubanwa tu linakunjamana kwa ndani, unaweza kununua inchi 2.5 kumbe kwenye kona imebaki 2. Pitisha mkono pale kwenye kona utajua, macho yanadanganywa na mng'aro.

Kipenyo nacho watu wanapenda kuzidisha. Kutoka inchi 2.5 kwenda 3 inaonekana kidogo lakini eneo la ndani linaongezeka asilimia 44. Injini ndogo ya silinda nne bila turbo ukiifungia inchi 3 moshi unapoteza kasi, unapata kelele nyingi na huku chini gari inakuwa nzito. Silinda nne ya 1.6 mpaka 2.0 bila turbo inchi 2.25 inatosha, zile za resi za juu kama injini za Honda, B16 au F20C ya S2000, zitakula 2.5 vizuri. Silinda sita bila turbo yenye bomba moja, 2.5. Turbo ndo za inchi 3, na hata kwao ni kama unalenga farasi 300 kwenda juu.

Halafu resoneta, yaani kile kibuyu kidogo cha kati kinachotuliza mlio kabla ya mafla, hii nakaa nayo kidogo kwa sababu ndo inayowafanya watu wauze ekzosi ndani ya mwezi. Kwenye video kila ekzosi ni tamu kwa sababu mtu anapiga resi dakika moja, gari imesimama. Wewe utakaa nayo masaa matatu barabara kuu kwenye resi 2,500 mpaka 3,000, na hapo ndo penye ule muungurumo mzito unaotikisa mpaka masikio. Hesabu yake ni rahisi: silinda nne kwenye resi 3,000 inalipua mara 100 kwa sekunde, hiyo ni hezi 100, sauti nzito ambayo godoro la dashibodi halizuii, na kabini ya gari ndogo inaipokea kama ngoma. Resoneta inapunguza, na kuna dawa nyingine nzuri sana, bomba la pembeni lililozibwa mwisho wake, linachomelewa kwenye bomba kuu. Urefu wake ni robo ya wimbi la sauti. Moshi wa nyuzi 300 hivi sauti inasafiri kama mita 480 kwa sekunde, kwa hezi 100 wimbi lina mita 4.8, robo yake mita 1.2. Fundi akikata urefu huo sauti inaingia, inagonga mwisho, inarudi kinyume inaua ile nyingine. Kwa hiyo ukinunua uliza: resoneta ni ngapi, urefu gani, na kuna mtu ameendesha nayo safari ndefu kwenye gari kama yako? Wenye Nissan 350Z hasa msikilize hapa, injini yake ya VQ35 ina tabia ya kutoa sauti ya kukwaruza kama mabati ukipunguza vizuizi, nyie tafuteni yenye resoneta kubwa msijali wanaowacheka.

2. Daunipaipu yenye masega ya kupitisha zaidi, kwa wenye turbo tu

Kama una turbo, hii ipande iwe namba moja. Bomba la kwanza baada ya turbo ndo lenye msongo mkubwa kuliko yote, turbo inafanya kazi kwa tofauti ya presha kabla na baada yake, ukipunguza presha ya nyuma inajaza mapema na nguvu unaisikia mgongoni kweli. Ila haifungwi ikaachwa hivyo, lazima gari ikatyuniwe, yaani kompyuta yake ipangwe upya. Mazda RX-7 ya FD na Subaru nyingi za injini ya EJ zinajulikana kwa tatizo la busti (presha ya hewa ambayo turbo inasukuma) kupanda yenyewe kupita ilipowekwa: ekzosi ikifunguka sana, westigeti ya kiwandani (vali ya kupitisha moshi pembeni ya turbo) ni ndogo haiwezi kukwepesha moshi wote, turbo inaendelea kujaza na injini inakufa. Funga geji ya busti kabla hujafunga daunipaipu, sio baada.

Kuhusu kutoa masega kabisa, hapana. Nchi nyingi ni kosa, Marekani ni kosa kwa sheria ya taifa, na ule moshi unaowasha macho nyuma yako kuna watoto wanauvuta. Masega ya kisasa yenye matundu mapana, seli 200 kwa inchi ya mraba badala ya 400 au 600, yanapitisha karibu sawa na bomba tupu kwenye gari ya barabarani. Nunua yenye chuma ndani, ya udongo inavunjika haraka kwenye joto la turbo.

3. Kutengenezewa na fundi

Gari yako kama ni adimu na hakuna anayeiuzia ketibeki, au umebadili injini, hii ndo njia, na fundi mzuri anaweza kukupa kitu kinachokaa vizuri kuliko cha kwenye boksi. Tatizo ni neno mzuri. Omba uone kazi yake, na usiangalie mshono wa nje peke yake ule wenye rangi rangi za kupendeza, mwambie akuonyeshe ndani ya bomba. Stenlesi ikichomelewa kwa tigi (uchomeleaji wa umeme na gesi) bila kujaza gesi ya agoni ndani ya bomba, upande wa ndani unaungua unatoa vipele vyeusi kama sukari iliyoungua, unapunguza njia ya moshi na ndo ufa utakapoanzia. Ndani ukikuta pako safi panang'aa kidogo, mpe kazi. Mwambie aache ungio la kufungua katikati ili siku ya kushusha giaboksi usikate bomba, na nafasi ya kutosha kwenye difu na shafti, raba za injini za gari ya zamani zimelegea na injini inacheza zaidi ya inavyoonekana.

4. Mtumba wa kampuni inayoeleweka

Mimi naupenda kuliko kipya cha jina lisilojulikana. Fujitsubo, HKS, Supersprint, Milltek walitengeneza kwa ajili ya gari hizi zilipokuwa mpya, vipimo vinakaa. Vya Japani tafuta kibati cha JASMA, chama cha watengeneza mafla za spoti wa Japani, maana yake kilipimwa kelele. Kitikise, kikichakarika ndani nyuzi za kunyonya sauti au vizuizi vimeachia. Angalia masikio ya kuning'inizia kama yamewahi kukatika yakaungwa. Feki ni nyingi, kwa hiyo linganisha maandishi na picha za kampuni yenyewe kabla ya kulipa.

5. Mafla ya nyuma peke yake

Sauti tu. Hela ndogo, kazi ya nusu saa kama nati hazijagoma. Hakuna ubaya, ila usitegemee nguvu.

6. Heda

Ni mabomba ya kufunga badala ya manifoldi ya kiwandani. Hizi zinaongeza nguvu kweli kwenye baadhi ya injini lakini kwenye gari ya zamani naziweka mwisho kwa sababu ya kazi yenyewe. Bolti za manifoldi zimepikwa miaka 20 na zaidi, ikikatikia ndani ya kichwa cha injini bili ya kuitoa inaweza kupita bei ya heda. Mafuta ya kupenya kutu yapake siku kadhaa kabla, zifungue injini ikiwa na uvuguvugu, na nunua bolti na gasketi mpya kabla hujagusa spana. Halafu kuna injini ambazo kiwandani walishafanya vizuri, S2000 ni mfano, unatoa kitu kizuri unaweka cha bei rahisi unapoteza. Wenye Subaru mjue ule mngurumo mnaoupenda unatokana na mabomba ya heda kutolingana urefu, ukifunga yanayolingana unaondoka.

Titanium sijaipa namba. Ni nyepesi sana, karibu nusu ya uzito wa stenlesi, na ile bluu na zambarau inapopata joto inapendeza kweli. Tomei na Akrapovič wanazo. Ila ni ya kelele zaidi kwa sababu ukuta ni mwembamba, na ikipasuka sio kila fundi anaweza kuichomelea.

Ukishafunga yoyote kati ya hizi, usikaze moja kwa moja. Weka vyote vikiwa legelege, pangilia kuanzia mbele kwenda nyuma, hakikisha pana upenyo wa kidole kati ya bomba na kila kitu cha jirani hasa paipu za breki na tenki, ndo ukaze. Endesha mpaka ipate moto kabisa, iache ipoe, ukaze tena. Raba weka mpya zote kwa mkupuo, zile za zamani zimeshavutika na mafla mpya itagonga bampa kila ukipita kwenye tuta.